Sheria na Nyumba Zetu: Nani Mke, Ploti ya Nani, Mtoto wa Nani?



Juma hili ukurasa wetu unageukia jambo ambalo kila mtu hudhani kuwa analijua, mpaka siku atakapoulizwa mbele ya hakimu. Jambo lenyewe ni sheria ya jamaa, yaani sheria ihusuyo ndoa, mali ya mume na mke, malezi ya watoto, na urithi. Watu wengi husema, "Hayo ni mambo ya nyumbani, sheria ina kazi gani?" Lakini nendeni Upper Hill hapa Nairobi siku yoyote ya kazi, mkawatazame wanaopanda kilima kuelekea Mahakama za Milimani. Si wote wanaokwenda huko kwa sababu ya wizi au biashara. Wako mume na mke waliolala chumba kimoja miaka mingi, na sasa kila mmoja ameketi upande wake wa benchi, amekumbatia bahasha yake. Wako pia ndugu wa tumbo moja wanaogombea ploti ya marehemu baba yao.

Mimi si wakili wala si hakimu. Mimi ni karani tu, na kazi ya karani ni kusoma karatasi na kuzipanga. Kwa hiyo sitawafundisha namna ya kushinda kesi. Nataka kueleza maana ya maneno machache, ili mtu asifike mahakamani na kugundua huko kwamba neno alilolitumia miaka yote lina maana nyingine katika sheria.

TULIKOTOKA

Kwanza yafaa tujue tulikotoka. Mwaka 1917, katika kesi ya Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton alisema kwamba ndoa ya desturi ya Kiafrika haikustahili kuitwa ndoa kwa maana ya sheria ya Kiingereza, bali ilifanana na kununua mke. Basi mama aliyeolewa kwa desturi akahesabiwa mbele ya korti kuwa si mke, na ushahidi wake juu ya mumewe ukapokewa. Maneno hayo yaliwaumiza watu kwa miaka mingi, maana nyumba iliyojulikana na ukoo mzima ilikuwa haina jina katika vitabu vya sheria.

Baadaye kila watu wakawa na sheria yao. Wakristo wa Kiafrika walikuwa na sheria yao ya mwaka 1931, Waislamu yao, Wahindu yao, na waliooana kwa msajili yao. Baada ya Uhuru, mwaka 1967, Serikali iliteua tume ya kutazama sheria hizi za ndoa na talaka ili zipate kuunganishwa. Muswada ukaletwa Bungeni zaidi ya mara moja katika miaka ya 1970, nao ukakataliwa. Kazi hiyo haikutimia mpaka mwaka 2014, ilipopitishwa Sheria ya Ndoa iliyofuta sheria 7 za zamani na kuweka moja mahali pake.

NDOA ZA AINA TANO

Sheria hiyo ya mwaka 2014 yatambua ndoa za aina 5: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu, na ya Kiislamu. Zote ni sawa mbele ya sheria. Mama aliyeolewa kwa mahari nyumbani kwa baba yake si mke wa daraja la chini kuliko yule aliyevaa shela kanisani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 45, yasema kwamba mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakati wa ndoa, na wakati ndoa inapovunjwa.

Lakini zipo tofauti ambazo ni lazima tuzijue. Ndoa ya Kikristo, ya Kihindu na ya kiserikali ni ya mke mmoja tu. Ndoa ya kimila na ya Kiislamu huhesabiwa kuwa inaweza kuwa na mke zaidi ya mmoja. Mtu aliyefunga ndoa ya mke mmoja hawezi kwenda kijijini akaoa mke wa pili kwa mila; ndoa hiyo ya pili si ndoa hata wazee wakila mbuzi kumi. Tena, katika ndoa za aina zote 5, hakuna ruhusa ya kumwoza mtoto ambaye hajatimiza miaka 18, wala ya kumwoza mtu kwa nguvu.

Kuhusu mahari, wako wazazi wanaosema kwamba binti yao si mke mpaka mbuzi wa mwisho afike. Sheria haisemi hivyo. Pale ambapo desturi yataka mahari, kutolewa kwa sehemu ya mahari kwatosha kuthibitisha ndoa. Sehemu iliyobaki ni deni la heshima kati ya wakwe. Haiwezi kuibatilisha ndoa.

Jambo linalosahauliwa mno ni kuandikisha. Waliooana kwa mila wapaswa kumwarifu msajili katika muda wa miezi 3 tangu kutimiza taratibu za mila, kisha waombe cheti katika miezi 6, nao wafike wenyewe, mume na mke. Kuandikisha ndoa za kimila kulianza mwaka 2017. Hata hivyo wako wengi waliooana zamani ambao hawajapata cheti. Ndugu zangu, wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Na ndoa nayo ni mali.

KUTENGANA SI TALAKA

Hapa watu wengi hujikwaa. Mume huondoka nyumbani, akahamia mtaa mwingine. Miaka 10 yapita, kila mmoja asema, "Tuliachana zamani." Lakini waliachana kwa amri ya nani? Kutengana, hata kwa miaka mingi, hakuvunji ndoa. Waliooana kanisani, kwa msajili au kwa mila huachana kwa hukumu ya mahakama. Sheria yawapa nafasi wazee wa jamaa na viongozi wa kanisa kujaribu kuwapatanisha kwanza, na hilo ni jambo jema; lakini wazee wakisema, "Nendeni kila mtu na njia yake," maneno yao peke yake hayatoshi. Ndugu zetu Waislamu hufuata sheria ya dini yao, na mashauri yao ya ndoa, talaka na mirathi husikizwa na Kadhi, maadamu pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa naye.

"NJOO TUKAE"

Sasa twafika kwenye jambo linalowasumbua watu wa mjini kuliko yote. Kijana apata kazi Nairobi, akodi chumba Kawangware au Kangemi. Apatana na msichana, wakaanza kukaa pamoja. Hakuna mahari, hakuna padri, hakuna cheti. Majirani wawaita Baba Fulani na Mama Fulani. Miaka ishirini yapita. Je, hawa ni mume na mke?

Zamani mahakama zilikuwa tayari kusema ndiyo. Mwaka 1976 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikubali, katika kesi ya Hortensiah Wanjiku Yawe, kwamba kukaa pamoja muda mrefu na kujulikana na watu kama mume na mke kwaweza kumfanya hakimu adhani kuwa ndoa ipo. Hii ndiyo iitwayo dhana ya ndoa. Iliwaokoa wajane wengi wasifukuzwe na jamaa za waume zao.

Lakini tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu ambayo kila akaaye hivyo yampasa aijue. Kesi hiyo ilihusu ploti ya Riruta, katika Dagoretti, upande wa magharibi wa mji wetu. Bwana na bibi walikuwa wamekaa pamoja tangu mwaka 1986. Ploti ilikuwa kwa jina la bibi. Waliposhindwana, bwana ndiye aliyekwenda kortini, akidai kuwa yeye ni mume na mali ile ni ya ndoa. Mahakama Kuu ilimkatalia. Mahakama ya Rufani ikasema ndoa yadhaniwa ipo, na mali igawanywe nusu kwa nusu. Mahakama ya Juu ikapindua tena: haikuwepo ndoa hata kidogo. Kwa nini? Kwa sababu bibi huyo alikuwa na ndoa nyingine ambayo haikuwa imevunjwa kwa sheria, basi hakuwa na uwezo wa kuolewa tena. Hapo mwaona nilivyosema kuwa kutengana si talaka.

Majaji walieleza mambo yanayotakiwa kabla ndoa haijadhaniwa kuwepo: wawili hao wawe wamekaa pamoja muda mrefu, wawe huru kuoana, wawe na nia ya kuoana, wawe wamekubaliana wote, na wawe wamejionyesha mbele ya watu kuwa ni mume na mke. Na anayedai ndiye atakayeleta ushahidi. Tena walisema kwamba dhana hii itumiwe kwa nadra sana, maana siku hizi watu wengine hukaa pamoja bila nia yoyote ya kuoana.

Je, bwana yule aliondoka mikono mitupu? La. Mahakama iliona kwamba alikuwa ametoa fedha na nguvu zake katika mali ile, na si haki mwingine aichukue yote. Ikaigawa: bibi asilimia 70, bwana asilimia 30. Lakini aligawiwa kama mtu aliyechangia mali, si kama mume. Na ili kufika hapo walipita mahakama tatu. Fikirini ni kodi za nyumba ngapi zilizoliwa na safari hiyo.

MALI YA MUME NA MKE

Tuseme sasa ndoa ipo, na ina cheti. Mali ni ya nani? Kwa miaka mingi mahakama zetu zilitumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Sheria hiyo iliondolewa na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013. Mali ya ndoa ni nyumba wanayokaa, vyombo vyake, na mali nyingine waliyoipata pamoja wakati wa ndoa. Shamba ulilorithi kwa baba yako si mali ya ndoa. Lakini ikiwa mwenzako amelistawisha, amepanda miti au amejenga juu yake, yeye ana haki katika ule ustawi alioutia.

Na mchango ni nini? Hapa yapasa kila mume asome mara mbili. Mchango si fedha peke yake. Sheria yataja kazi za nyumbani, kulea watoto, kumfariji mwenzako kwa kuwa naye, kusimamia mali au biashara ya jamaa, na kulima. Kwa hiyo mama aliyebaki Kikuyu au Kakamega akipalilia mahindi na kulea watoto, huku bwana akipokea mshahara mjini, naye amejenga nyumba ile ya mawe. Mkono wake haukushika chokaa, lakini aliushikilia uzima wa nyumba.

Hata hivyo, asidhani mtu kwamba kila ndoa ikivunjika mali hukatwa katikati kama chungwa. Siku ile ile ya tarehe 27 Januari 2023, katika kesi nyingine, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba haki sawa katika Katiba haina maana ya nusu kwa nusu kila mara. Kila mmoja huonyesha mchango wake, na hakimu hupima. Katika kesi hiyo yenyewe majaji waliacha mgawo wa nusu kwa nusu usimame, kwa kuwa ushahidi ulionyesha kuwa wote wawili wamechangia vya kutosha. Maana yake ni kwamba karatasi za mkopo, risiti za mabati na saruji, na mashahidi waliokuona ukifanya kazi, vyote vina thamani yake.

Jambo la mwisho hapa: mume hawezi kuuza nyumba ya ndoa wala kuiweka rehani benki bila mke kukubali, wala mke hawezi bila mume. Hati ikiwa na majina ya wawili, sheria yadhani kuwa wana sehemu sawa. Ikiwa na jina la mmoja, yadhani kuwa anamshikia mwenzake amana, mpaka lithibitishwe jambo jingine.

MTOTO HANA KOSA

Wasomaji wazee watakumbuka sheria ya mwaka 1959 iliyompa msichana aliyezaa bila kuolewa ruhusa ya kumshtaki baba wa mtoto ili atoe fedha za malezi. Wanaume wengi waliichukia, na mwaka 1969 Bunge likaifuta. Tangu hapo mzigo wote ukamwangukia mama. Hata Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 haikumwekea baba asiyeoa wajibu wa mara moja.

Leo mambo yamebadilika. Kifungu cha 53 cha Katiba chasema kwamba mtoto ana haki ya kulelewa na baba na mama kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imetia nguvu neno hilo. Na katika kila shauri la mtoto, jambo la kwanza la kutazamwa ni faida ya mtoto mwenyewe, si hasira ya wazazi.

Kabla ya mwaka 2016, mama asiyeolewa aliyejifungua katika Hospitali ya Kenyatta hapo kilimani, au penginepo, hakuweza kuandikisha jina la baba katika cheti cha mtoto mpaka baba mwenyewe akubali, au uletwe ushahidi wa ndoa. Watoto wengi walipata vyeti vyenye alama ya kukatwa mahali pa jina la baba. Mwaka huo Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba ubaguzi huo ni kinyume cha Katiba. Baba akikana, mahakama yaweza kuamuru kipimo cha damu ya uzazi, na kipimo hicho hakijui aibu wala cheo.

Nawaomba akina mama nao wasikie: kwa kuwa wajibu ni sawa, haki ya kumwona mtoto nayo ipo. Si vizuri kumficha mtoto kwa sababu baba amechelewesha fedha za mwezi. Yote mawili husemwa mbele ya hakimu wa watoto.

MWENYE NYUMBA AKIFA

Mtu akifa bila wasia, hufuatwa Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Akiacha mke mmoja na watoto, mke huchukua vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na mali iliyobaki huishikilia na kuitumia maishani mwake. Baada yake watoto hugawana sawa. Sheria yasema watoto, haisemi wana wa kiume. Binti aliyeolewa ni mtoto.

Akiacha nyumba zaidi ya moja, mali hugawanywa kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba pamoja na mama yao akiwa hai. Tuchukue mfano. Mzee ameacha ekari 14. Mke mkubwa ana watoto 4, mke mdogo ana mtoto 1. Nyumba ya kwanza ni watu 5, ya pili ni watu 2, jumla 7. Basi nyumba ya kwanza yapata ekari 10, na ya pili ekari 4. Hesabu ni rahisi. Kilicho kigumu ni kuthibitisha kwamba wewe ulikuwa mke.

Na mtu yeyote asiyepewa idhini na mahakama, hata akiwa kaka mkubwa wa marehemu, akichukua mali, akikusanya kodi za nyumba au kuuza gari, amefanya kosa la jinai. Njia iliyo sawa ni kupata cheti cha kifo, kuchukua barua ya chifu inayotaja warithi wote bila kumficha hata mmoja, na kupeleka maombi mahakamani. Habari hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30.

YA KUFANYA

Kwa kumaliza, haya ndiyo ningemshauri kila msomaji ayafanye mwezi huu:

1. Ikiwa mmeoana kwa mila na hamna cheti, nendeni wote wawili kwa msajili wa ndoa.

2. Ikiwa mnakaa pamoja tu, ulizaneni waziwazi: tunaoana au hatuoani? Jibu lolote ni bora kuliko kunyamaza.

3. Ikiwa uliwahi kuoa au kuolewa na ndoa hiyo haikuvunjwa na mahakama, usianze nyingine.

4. Wekeni risiti, barua za mkopo na hati mahali ambapo wote wawili wanapajua.

5. Hakikisheni kila mtoto ana cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote.

Wengine watasema kwamba kudai karatasi kati ya mume na mke ni kukosa kuaminiana. Mimi sioni hivyo. Wakati wa kuandika ni wakati mnapopendana, kwani ndipo kila mmoja humtakia mwenzake mema. Mkingoja mpaka mkosane, atakayeandika ni wakili, nanyi wawili mtamlipa.

Juma lijalo tutazungumza juu ya wasia: namna ya kuuandika, na mashahidi gani wanaofaa.